Korido ya Mama

Mtaani walimwita Milimita, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa fundi wa vigae. Kigae alichokilaza yeye hakikupanda wala kushuka; angekaa amechuchumaa nusu saa, jicho moja kalifumba, akikisogeza unywele mmoja kushoto, unywele mmoja kulia, mpaka mwenye nyumba achoke kusimama aende zake. Wenzake walimtania kwamba siku akifa itabidi kaburi lipigwe pimamaji, la sivyo atatoka kulinyoosha mwenyewe. Alicheka pamoja nao. Alijua kwamba ndani ya mzaha huo mlikuwa na heshima.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya nyumba ya mama yake, hakuna fundi mwingine aliyeruhusiwa kushika hata mwiko.

Nyumba hiyo ilijengwa na marehemu baba yake, kwa matofali ya kuchoma, kabla Milimita hajazaliwa. Ilikuwa na vyumba vinne vidogo, viwili huku, viwili huku, na katikati yake korido ndefu nyembamba iliyoanzia mlango wa mbele ikaishia mlango wa uani. Watu wawili wanene wakikutana humo, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Jiko lilikuwa kibanda cha mabati nje, choo nacho nje. Paa lilikuwa limeoza, na mvua ikinyesha, ndoo na sufuria zote zilihamia chumbani.

Mama yake aliishi humo peke yake, na alikuwa haoni. Presha ya macho ilimpofusha akiwa na miaka arobaini na miwili. Milimita wakati huo alikuwa na kumi na minne, na dada yake mkubwa ndiyo kwanza kaolewa. Mwaka wa kwanza mama alijigonga kila mahali, akavunja vikombe, akaungua mikono, akalia kwa siri akidhani mwanawe hasikii. Halafu, kidogo kidogo, akaishika nyumba. Kilichomsaidia ni ile korido. Akinyoosha viganja viligusa kuta zote mbili, na kuta zikampeleka anakotaka. Ufa wa kwanza kulia, hapo ni chumba chake. Msumari wa kalenda kushoto, hapo ni stoo. Kizingiti kirefu mbele ya vidole vya mguu, hapo ni nje. Alipika, alifua, alifagia, alifuma sweta za watoto wa shule kwa sindano mbili huku akipiga soga, na mgeni asiyejua angeweza kukaa, akanywa chai, akaaga, bila kugundua kwamba mwenyeji wake haoni. Wanawe walipomsihi ahamie kwao alikuwa na jibu moja tu: "Nifuate nini?"

Milimita na mkewe walikuwa wamepanga vyumba viwili upande wa pili wa mji. Mtoto wao wa kwanza, msichana wa miaka sita, aliitwa Kasuku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Wa pili alipozaliwa, wa kiume, wakampa jina la babu yake, na kwa hiyo kila mtu akawa anamwita Mzee, ingawa Mzee mwenyewe hata shingo haijakaza. Vyumba viwili vikawa finyu. Nepi zilining'inia juu ya meza ya chakula. Ndipo Milimita akamwendea mama yake.

"Mama, nataka tuje tukae na wewe. Mimi, Mama Kasuku na watoto. Lakini nyumba ilivyo haitutoshi. Niachie niitengeneze."

Mama alifurahi hata sindano zikamtoka mikononi. "Watoto watakuwa humu ndani? Kila siku?"

"Kila siku, mpaka uwachoke."

"Basi tengeneza, baba. Bati lisinivujie kitandani, na jiko lije ndani. Mimi nataka hayo tu."

"Nitafanya zaidi ya hayo. Hivi vyumba viwili vya mbele nitaviunganisha na korido, iwe sebule moja kubwa. Mwanga uingie, watoto wapate pa kukimbia. Nyuma nitaongeza vyumba, jiko na choo cha ndani."

Mama aliliokota sweta, akahesabu mishono kwa kidole gumba, akalirudisha pajani.

"Korido utaitoa?"

"Naitoa yote. Utaipenda, Mama."

"Haya," alisema mwishowe. "Wewe ndiye fundi."

Milimita aliyapokea maneno hayo kama baraka, akatoka anapiga mluzi.

Kazi ilichukua miezi saba. Mama alipelekwa kwa dada yake Milimita, msusi mwenye saluni yake nyumbani, mwanamke wa maneno makali na mikono laini. Milimita akajifunga kibwebwe. Mchana alikuwa kwenye vigae vya watu, jioni kwenye kuta za mama yake. Siku alipoiangusha korido, vumbi lilitoka madirishani hadi fundi cherehani wa jirani akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Matofali yake hayakutupwa. Yalijaza shimo la uani ambapo choo cha zamani kilikuwa. Sakafu ndiyo aliyoiacha mwisho, kama mtu anayejibakizia mnofu. Alitandaza vigae vikubwa vya rangi ya maziwa, kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na viungo vyake vilikuwa vyembamba kiasi kwamba ukipitisha ukucha hukwami popote. Mkewe alipokiona kile kioo cha sakafu alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Baba Kasuku," alisema, "hapa hata mimi naogopa kukanyaga."

Walihamia Jumamosi moja asubuhi. Gari la mizigo lilipiga safari mbili. Magodoro, masanduku, baiskeli isiyo na kiti, kabati ambalo lilikataa kupita mlangoni mpaka likang'olewa miguu. Mkewe alifungua bomba la sinki akalifunga, akalifungua tena akalifunga.

"Maji yataisha," Milimita alimwambia.

"Yaishe. Miaka saba nabeba ndoo, leo niache nilewe."

Kasuku alivaa soksi, akawa anateleza kutoka ukuta hadi ukuta akipiga kelele ili asikie sauti yake ikimrudia. Mzee alilala juu ya furushi la mapazia. Milimita alisimama katikati ya sebule na jasho lake, akatazama pande zote, na hakumbuki siku nyingine maishani mwake ambayo moyo wake ulijaa namna ile.

Saa sita dada yake alimleta mama kwa teksi. Mama alivaa gauni lake la kutokea, nywele zimesukwa upya. Alipofika mlangoni aliuachia mkono wa binti yake.

"Niache," alisema. "Hapa nafika mwenyewe."

Aliinua mguu juu, kuvuka kizingiti. Kizingiti hakikuwepo tena. Milimita alikitoa ili baiskeli ya Kasuku ipite. Mguu ulishuka mbali kuliko alivyotegemea, akapepesuka, akajishikiza kwenye fremu ya mlango. Akacheka kidogo, akasonga mbele hatua mbili. Halafu akanyoosha mikono, mmoja kushoto, mmoja kulia, kutafuta kuta.

Hakukuwa na kitu. Akasogea hatua nyingine, mikono bado imetanda, vidole vinachezacheza hewani. Akageuka upande mmoja, kisha mwingine. Sasa hata mlango aliouingia alikuwa ameupoteza.

"Baba, ona," Kasuku alisema akicheka, "Bibi anaruka kama ndege!"

Hakuna aliyecheka naye. Mama aliishusha mikono taratibu akaishikanisha mbele ya tumbo.

"Ni kubwa," alisema. "Naisikia. Ni kubwa sana."

Milimita alimshika mkono haraka akaanza kumtembeza, akimgusisha hiki na kile, mdomo haufungi: hili dirisha, Mama, hii swichi, hili jiko lako, sikia bomba, hiki chumba chako, kikubwa kuliko vyote, na kitanda chako ndicho kilekile. Mama aliitikia kila kitu. "Nzuri. Nzuri, mwanangu. Mungu akubariki." Dada mtu alifuata nyuma yao kimya, na kwa mwanamke yule ukimya haukuwa dalili njema. Alipoondoka alimvuta kaka yake kando ya teksi.

"Miezi saba pale kwangu hakuwa na hadithi nyingine," alisema. "Nikirudi kwangu nitafanya hivi, nikirudi kwangu nitapika vile. Usiku namsikia anahesabu hatua za humu ndani kama mtoto anayekariri. Ulimwambia utaitoa korido?"

"Nilimwambia. Alikubali."

"Alikubali au alikunyamazia?"

"Atazoea, dada. Mbona ile ya zamani aliizoea?"

"Wakati ule alikuwa na miaka arobaini na miwili," dada yake alisema, akapanda gari.

Wiki zikapita. Ukiwatazama kwa mbali ungesema familia hii imepata. Kasuku alikuwa na chumba chake. Mkewe alipika amesimama wima badala ya kuinamia mafiga kwenye moshi. Wateja wa Milimita walikuja kuitazama sakafu kama watu wanaokuja kutazama bibi harusi. Mama alikaa kitandani kwake, mlango wazi, akifuma. Alipotaka kutoka aliita, na mtu akaja kumshika mkono. Mwanzoni aliita mara nyingi. Baadaye mara chache. Kila kitu kwenye nyumba hiyo kilimteleza: sauti zilirudi kutoka pande zote kwa wakati mmoja, kuta zilikuwa laini hazina alama, na chini ya unyayo sakafu ilikuwa ni ileile, ukiwa mlangoni ni hivyo, ukiwa jikoni ni hivyo. Siku moja alijaribu peke yake akagonga paji la uso kwenye kona ya meza ya saruji ya jikoni. Alipoulizwa alisema kajikuna.

Aliyeyaona yote haya ni mke wa Milimita. Alifanya kazi ya kuuza dawa kwenye duka karibu na soko, na macho yake yalizoea kusoma watu. Jioni moja, wakikunja nguo, alisema, "Baba Kasuku, Mama hanywi maji."

"Hanywi vipi?"

"Kikombe ninachomwachia asubuhi nakikuta kimejaa. Leo nimemuuliza. Kanizungusha, nikamng'ang'ania. Unajua kaniambia nini? Akinywa maji itabidi aende msalani, na akienda msalani itabidi aite mtu, na mimi niko kazini, wewe uko kazini, na amechoka kumwita Kasuku. Mama anajikausha makusudi."

Milimita aliendelea kukunja shati lilelile.

"Na mimi nina hatia yangu," mkewe aliongeza, sauti imeshuka. "Sebule kubwa niliitaka mimi. Nilikuimbia wimbo huo kila siku."

"Mchoro ni wangu," alisema. "Nyundo nilishika mimi."

Kesho yake hakwenda kazini. Alikaa kwenye kiti mbele ya chumba cha mama yake akajifanya anasoma gazeti, akamtazama. Mama hakujua kama kuna mtu. Aliinuka, akaja mpaka mlangoni, akashika fremu. Unyayo wa kulia aliutanguliza nje ya mlango, akaupapasisha sakafuni huku na huko, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Akasubiri kidogo. Kisha akaurudisha ndani, akageuka, akahesabu hatua nne hadi kitandani, akaketi. Milimita aliangalia unyayo ule hata ulipokuwa haupo tena. Alitamani kusema kitu, lakini angesema nini, kwamba alikuwa amekaa pale muda wote akimchungulia mama yake?

Ndipo likamjia wazo. Kulikuwa na vigae vya kukwaruza, vile vinavyowekwa kwenye ngazi za nje ili watu wasiteleze mvua ikinyesha. Angekata sakafu yake, upana wa futi moja, kutoka mlangoni kwa mama hadi msalani, kutoka msalani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mlango wa uani. Kijia. Mama angekifuata kwa nyayo popote anapotaka bila kumwita mtu. Alimweleza mkewe, mikono ikichora hewani, na mkewe akamkumbatia.

"Mwambie leo hii," alisema. "Usimfiche tena. Mkalishe, mwambie."

"Nitamwambia kikiisha. Nataka akikanyage akijue mwenyewe."

"Baba Kasuku, mwambie."

"Siku tatu tu, Mama Kasuku. Siku tatu si nyingi."

Alianza Alhamisi. Vigae vile vya rangi ya maziwa, alivyovibembeleza unywele kwa unywele, alivikata kwa mashine akaving'oa kwa patasi, na ajabu ni kwamba havikumuuma. Mama aliuliza kelele ni za nini; akamwambia bomba limepasuka. Alipanga kazi vizuri, kama kawaida yake. Mchana mama akiwa hatoki chumbani alifungua mtaro wa kulazia vigae vipya. Jioni aliufunika kwa mbao, na mama alipoita apelekwe msalani alimpitisha pembeni. Ijumaa usiku kijia kilikuwa kimetoka chumbani, kimefika msalani, na kimeanza kukata sebule kuelekea jikoni. Kilichobaki ni kipande cha hatua chache mbele ya jiko na kile cha kwenda uani.

Jumamosi mkewe alimbeba Mzee akaenda kliniki kumchanja. Mama alikula chakula cha mchana chumbani, akalala. Milimita aliendelea, mpaka diski ya mashine ikavunjika. Duka la vifaa lilikuwa dakika kumi kwa baiskeli. Alichungulia chumbani: mama kajikunyata ukutani, anakoroma polepole. Alitazama mtaro ulio wazi, akatazama mbao zilizoegemezwa ukutani. Kwenda na kurudi ni mara moja, alijisemea. Alimwambia Kasuku, aliyekuwa nje akiruka kamba, asiingie ndani na asiende mbali.

Aliporudi alimkuta fundi cherehani amesimama barabarani, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni, na Kasuku amemshika suruali, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, Kasuku alikuwa hana neno.

Mama alikuwa sakafuni mbele ya jiko, mguu mmoja ndani ya mtaro umepinda vibaya. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Hakuwa akilia. Aliposikia hatua alisema, "Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Usiniinue. Nyonga imelia."

Hospitalini walimfanyia upasuaji usiku uleule, wakamtia chuma. Dada yake Milimita alifika na rangi ya nywele ya mteja bado imemkauka vidoleni. Milimita alikuwa amekaa kwenye benchi, saruji kwenye magoti, na alitegemea atamwagiwa maneno. Alitaka amwagiwe. Dada mtu alisimama mbele yake.

"Umemchimbia mama shimo," alisema.

"Nilikuwa namtengenezea njia."

Dada yake akaketi kando yake, akajifunika uso kwa mikono ile yenye rangi. Wakabaki hivyo hadi muuguzi alipokuja kuwaita.

Siku ya nne ndipo mama alipata nguvu ya kuongea vizuri. Wodi ilikuwa na vitanda sita, na mgonjwa wa kitanda cha pembeni alikuwa na redio ndogo ambayo hakuizima. Milimita alivuta kiti, akamshika mama yake mkono, akafungua mdomo kuomba radhi, na mama akamtangulia.

"Vile vigae ulivyoweka, ni vya wapi?"

"Vipi, Mama?"

"Vya kukwaruza. Niliamka, nikafika mlangoni, nikatanguliza mguu, nikakanyaga kitu kinanikwaruza. Wakati wote ule nyumba yako ilikuwa kama kutembea juu ya sabuni. Nikasema, hiki nini tena? Nikasogeza mguu, kipo. Nikasogeza mwingine, kipo. Nikajua ni wewe." Alitulia akavuta pumzi; maumivu yalikuwa bado karibu. "Bomba limepasuka! Wewe tangu utoto hujui kudanganya. Basi nikakifuata. Nikapita msalani, nikakuta kinaendelea. Nikasema huyu ananipeleka jikoni. Nilitembea, mwanangu. Sikushika ukuta, sikushika kitu. Mikono nimeiweka hivi, nyuma, kama mtu anayekagua shamba lake. Nilitaka nikuwekee chai, ukirudi uikute mezani."

Milimita aliinamisha kichwa hadi kikagusa shuka.

"Hakikuwa kimekwisha, Mama," alisema. "Ningekuambia. Mama Kasuku aliniambia nikuambie. Nilitaka…"

"Najua ulichotaka."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe pale pale chini, kabla hujafika. Lakini sikiliza." Alimgeuzia uso, ingawa macho yale yalikuwa hayamwoni. "Mimi nami nilikosea. Siku ile uliponiambia utaitoa korido, nilitakiwa niseme hapana. Nilikuwa nalo neno, liko hapa kwenye ulimi. Nikasema moyoni, kijana ana furaha, ana watoto, mimi mzee nimpinge kwa ajili ya kuta mbili? Nikalimeza. Sasa tumelipia wote."

"Mama, usijitie wewe hatiani."

"Sijitii. Nakuambia ili ujue. Mtu akikunyamazia, muulize mara ya pili." Halafu akauliza, "Matofali yake uliyapeleka wapi?"

"Nilijazia shimo la choo cha zamani."

Mama alicheka, kicheko kifupi kilichomuumiza hadi akashika ubavu. "Baba yako angekuchapa," alisema.

Nyonga ilipona kwa namna yake, lakini mguu haukupona. Aliweza kusimama akishikwa, si zaidi ya muda wa kuhamishwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Alipotolewa hospitalini walikubaliana aende kwa dada mtu kwanza, kwa kuwa saluni iko nyumbani na mchana kutwa pana watu. Kwanza hiyo ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Milimita alimaliza kile kijia, kwa kuwa hakuweza kukiacha kama kidonda wazi. Alikimaliza Jumapili moja bila kuongea na mtu. Mkewe alikuja akasimama, akakitazama kikiwa kimenyooka kutoka chumba kitupu hadi uani, kisha akarudi chumbani kwao akafunga mlango.

Kila Jumapili Milimita alikwenda kumwona mama. Kila Jumapili aliuliza, "Tukurudishe lini nyumbani, Mama?" na mama alisema, "Tutaona." Mpaka Jumapili moja Milimita akakumbuka alichoambiwa, na badala ya kuaga, akavuta kiti tena.

"Nakuuliza mara ya pili, Mama. Unataka kurudi?"

Mama aliweka sindano za kufumia mapajani. Nje wateja wa saluni walikuwa wanacheka, mashine ya kukaushia nywele inavuma.

"Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu. Nileteeni kitanda changu, na sanduku langu la nyuzi. Nimechoka kulala kwenye kitanda cha watu."

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa anamnyonyesha Mzee. Alimtazama usoni, hakuhitaji kuambiwa mengi.

"Kasemaje?"

"Kataka kitanda chake."

Mkewe alifumba macho. "Nitamkunjia mashuka mwenyewe," alisema.

Jumamosi iliyofuata Milimita alikodi gari la mizigo, akakifungua kitanda parafujo kwa parafujo. Kasuku alishika parafujo kwenye kikombe.

"Baba, Bibi hatarudi tena?"

"Tutakuwa tunamfuata sisi."

"Kwa sababu nilisema anaruka kama ndege?"

Milimita aliweka bisibisi chini. Alimvuta binti yake, akamshika kwa nguvu. "Hapana, mama yangu. Si wewe. Wewe hujafanya kosa lolote."

Kwa dada yake, mama alikuwa anasubiri kwenye kiti chake mlangoni, kama mwenye mali anayesubiri mzigo. Alisikia vyuma vikishushwa akaanza kutoa amri.

"Kichwa huko dirishani, nisikie mtaa. Miguu huku. Si hapo, sogeza. Tena. Simama." Alijisukuma hadi karibu, akapitisha mkono kati ya kitanda na ukuta, akaunyoosha, akaukunja. "Umekiweka mbali. Nataka kiganja kiingie, kiganja kimoja, si zaidi. Na sanduku la nyuzi upande wa mkono huu. Dada yako asije akaligusa, ana mikono mirefu huyo."

"Nimesikia!" dada mtu alisema kutoka saluni.

Milimita alisukuma kitanda. Alipima kwa kiganja chake mwenyewe, akakisogeza kidogo, akakirudisha. Mama alipima tena. Safari hii alipitisha vidole taratibu kwenye ubao wa kitanda kutoka upande wa kichwa hadi miguuni, akarudi, na akaupumzisha mkono juu ya godoro.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Usikiguse tena."

Alikaa naye hadi jua lilipoanza kushuka, wakiongea habari za Mzee aliyeanza kutembea na za Kasuku aliyeng'oka jino. Mama ndiye aliyekata maneno.

"Nenda sasa. Mkeo yuko peke yake na watoto, na wewe una gari la watu."

Aliinuka, akamwinamia, akashikwa uso kwa viganja viwili vilivyompitia paji, mashavu na kidevu, polepole.

"Umekonda," mama alisema, kisha akamwachia.

Barabarani, gari likiwa tupu, kila shimo lilisikika. Dereva aliuliza kama wapitie barabara kuu au ya soko. Milimita alimwambia yoyote tu.